Surua Hupimwa kwa Surua

Shangazi yangu wa Tanga alipojua kwamba kazi yangu ni kupima surua, hakuuliza habari za mshahara. Aliuliza, "Hivyo virusi mmevifungia wapi, mwanangu? Visije vikakufuata nyumbani." Nikamjibu kwamba vimo kwenye boksi, boksi limo kwenye friji, na vyenyewe vimeshakufa. Akatafakari kidogo, halafu akanirushia la pili: "Sasa kama vimekufa, vinawafaa nini?"

La pili ndilo lenye kazi. Halijibiki kwa maneno mawili, ndiyo maana naliandikia.

Watu wengi wanadhani mtoto akitolewa damu, sisi tunaiweka chini ya darubini, tunaviona virusi vinatambaa, tunaandika "anavyo". Virusi vya surua havionekani kwa darubini ya kawaida hata uikodolee macho kutwa. Tunachokisaka kwenye damu ni kingamwili, hasa zile za IgM, ambazo mwili huzitoa mwanzoni mwa ugonjwa kisha zikapotea baada ya wiki chache. Nazo hazionekani kwa macho. Ili ujue kama zipo, huna budi kuziletea kitu ambacho zimeumbwa kukishika, uone kama zitakishika. Kitu hicho ni virusi vya surua, au kipande chake. Anayetaka kupima surua lazima awe na surua.

Safari inaanza mbali na kwetu. Mtoto ana homa na vipele, na juu ya hayo anakohoa, au pua zinamtoka, au macho yamekuwa mekundu. Muuguzi wa zahanati anajaza fomu ya mshukiwa, anatoa damu, anaiacha igande mpaka yale maji ya juu, yaani seramu, yajitenge. Yanahamishiwa kwenye kichupa, kichupa kinapakiwa pamoja na vibarafu, gari likipatikana safari inaanza. Ikifika kwetu inapewa namba, na kuanzia hapo mtoto anaitwa kwa namba.

Pleti yenyewe ni kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye vishimo 96. Ukikiangalia kabla ya kazi utaona ni kitupu na kisafi. Si kitupu. Chini ya vishimo kumegandishwa mabaki ya virusi, vilivyooteshwa kiwandani ndani ya seli, vikauawa, vikasafishwa. Katika vitendanishi (dawa za kupimia) nilivyovizoea, kila sampuli hupewa vishimo viwili vilivyo jirani. Kimoja kina mabaki ya seli zilizoambukizwa surua. Cha pili kina mabaki ya seli zile zile ambazo hazikuambukizwa chochote. Seli zenyewe asili yake ni figo la tumbili, kwa sababu ndizo zinazokubali kuotesha virusi hivi bila manung'uniko.

Hicho kishimo cha pili ndicho ninachokipenda. Damu ya binadamu imejaa vitu vinavyoweza kung'ang'ania mahali popote: protini za tumbili, plastiki, uchafu wowote. Kama ungekuwa na kishimo kimoja tu, ungeona rangi ukashangilia, kumbe mtoto hana surua, damu yake imenata tu kwenye mabaki ya seli. Kwa hiyo tunasoma vyote viwili na kutoa hesabu: rangi ya chenye surua, kutoa rangi ya kisicho na surua. Kinachobaki ndicho jibu.

Kabla ya hapo kuna hatua moja ambayo wanafunzi wanaokuja kwa mazoezi huishangaa. Seramu huchanganywa kwanza na maji maalumu ya kuondoa kingamwili za IgG, zile za muda mrefu, ambazo zikiachwa hugombania nafasi na IgM au kuleta majibu ya uongo kwa wenye tatizo la baridi yabisi. Ukiyatia tu, seramu iliyokuwa safi inaingia ukungu mweupe, kama tui lililozidishiwa maji. Mwanafunzi anadhani ameharibu sampuli. Hajaharibu, usipouona ukungu ndipo uanze kuwa na wasiwasi.

Baada ya hapo ni subira na kuosha. Seramu inawekwa, pleti inalala kwenye nyuzijoto 37, inaoshwa. Inawekwa kingamwili nyingine iliyobeba kimeng'enya, inalala tena, inaoshwa tena. Mwisho inatiwa dawa ya rangi na kuwekwa gizani. Vishimo vyenye IgM ya surua vinageuka buluu. Ukitia asidi, buluu inageuka njano papo hapo, na njano hiyo ndiyo mashine inaisoma. Ukiosha kwa uvivu, pleti nzima inakuwa njano na kila mtoto wa mkoa ana surua. Mimi fundi wa maabara namjua kwa anavyoosha pleti, si kwa vyeti vyake.

Sasa, hivyo virusi vilivyogandishwa chini ya vishimo vilitoka kwa nani?

Mwanzoni mwa mwaka 1954 surua ilizuka katika Fay School, shule ya bweni ya wavulana huko Southborough, jimbo la Massachusetts, Marekani. Thomas Peebles, daktari kijana katika maabara ya John Enders huko Boston, alifunga safari kwenda shuleni akakusanya damu na maji ya kusukutulia koo kutoka kwa wavulana waliougua. Enders ndiye aliyepokea Tuzo ya Nobel mwaka huo huo pamoja na Thomas Weller na Frederick Robbins, kwa kuonyesha kwamba virusi vya polio vinaweza kuoteshwa kwenye seli za kawaida ndani ya chupa. Alitaka kufanya hivyo hivyo kwa surua. Sampuli nyingi hazikuzaa kitu. Ya mwanafunzi aitwaye David Edmonston ikazaa.

Walijuaje? Waliweka sampuli kwenye seli za figo za binadamu, wakasubiri. Baada ya siku kadhaa seli zikaanza kuungana: kuta zikayeyuka, seli jirani zikawa seli moja kubwa yenye viini vingi. Madaktari walikuwa wameshayaona majitu hayo kwenye tonsili na mapafu ya wagonjwa wa surua. Wakachukua seramu za wagonjwa waliopona, wakazichanganya na kile kilichoota, seramu zikakizuia. Angalia basi: tangu siku ya kwanza surua ilithibitishwa kwa damu ya waliougua surua, na leo damu ya wagonjwa inathibitishwa kwa surua ya siku ile. Mtu mwenye kupenda ubishi atasema huo ni mduara. Ni mduara kweli, lakini umeshikizwa pande nyingi: dalili za mgonjwa, seli zilizoungana, nyani waliougua walipoambukizwa, na miaka mingi baadaye mpangilio wa jenetiki wa virusi wenye herufi 15,894.

Kilichofuata kinajulikana zaidi. Virusi vya Edmonston vilihamishwa kutoka chupa hadi chupa, mara 24 kwenye seli za figo, mara 28 kwenye seli za utando wa mji wa mimba, kisha kwenye mayai ya kuku na seli za vifaranga, mpaka vikasahau ukali wao. Chanjo ya kwanza ikapewa kibali Marekani mwaka 1963. Ilikuwa bado inaleta homa na vipele kwa watoto wengi, hata ikabidi wachomwe na sindano ya kingamwili ili kuituliza. Vikaja vizazi vyake vya upole: Schwarz, kisha Moraten ya Maurice Hilleman mwaka 1968, na Edmonston-Zagreb, ambayo ndiyo iliyomo kwenye chanjo ya surua-rubela itengenezwayo India na kutumika mno barani Afrika. Mtoto wa Kigoma anayechomwa akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18 anapewa kizazi cha virusi vya yule mwanafunzi. Na pleti nyingi za kupimia nazo zimegandishwa ukoo huo huo. Mtu mmoja aliugua wiki moja ya baridi, dunia nzima inamtumia hadi leo.

Afrika Mashariki ina hadithi yake ya namna hii, na inaniudhi kwamba haisimuliwi mashuleni. Sotoka, ugonjwa uliofagia ng'ombe wa Wamasai miaka ya 1890 na kuacha njaa nyuma yake, ni ndugu wa karibu kabisa wa surua. Wataalamu wanaamini surua ilichipuka kutoka kwa babu wa sotoka baada ya binadamu kuanza kuishi na ng'ombe. Huko Muguga, Kenya, Walter Plowright na R. D. Ferris walichukua virusi vya sotoka vya aina ya Kabete O, vilivyopewa jina la Kabete pale pale nje ya Nairobi, wakavihamisha kwenye seli za figo za ndama mara 90 hivi kwa mbinu iliyotokana na kazi ya Enders. Chanjo yao ndiyo iliyowezesha sotoka kutangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani. Kwa hiyo binamu wa surua ameshaondoka, na kazi ilifanyika kilomita chache kutoka Limuru. Surua yenyewe ipo.

Turudi kwenye pleti. Mwenye akili atauliza: virusi vya 1954 vinawezaje kupima ugonjwa wa leo? Virusi vya mafua hubadilika hadi chanjo yake inarekebishwa mwaka hadi mwaka. Korona tumeiona wenyewe ikibadili sura. Surua nayo hubadilika kwenye jenetiki. Zimetambuliwa aina 24, ingawa siku hizi zinazozunguka sana ni mbili, B3 na D8. Lakini kwa kingamwili zote hizo ni surua moja. Sababu ni kwamba sehemu za protini yake ya H ambazo kingamwili huzishika ndizo hizo hizo virusi huzihitaji kuingia kwenye seli. Kirusi kikizibadilisha ili kukwepa kingamwili, kinajifungia nje. Ndiyo maana chanjo iliyotokana na mgonjwa wa Massachusetts inamkinga mtoto dhidi ya B3 ya Kongo, na pleti iliyogandishwa Edmonston inamtambua mgonjwa wa D8. Hii ni bahati ambayo wapimaji wa magonjwa mengine wanaililia.

Kuna kipimo kingine ambacho kinahitaji virusi vilivyo hai, na hapa itabidi nimsahihishie shangazi: si maabara zote zina maiti peke yake. Unachukua seramu, unaipunguza nguvu kwa hatua, kila hatua unaichanganya na idadi inayojulikana ya virusi hai, kisha unamwaga mchanganyiko juu ya tabaka la seli za tumbili na kulifunika kwa ute mzito ili virusi visitangetange. Baada ya siku kadhaa unapaka rangi. Palipokufa seli panabaki matundu meupe, na unayahesabu kwa macho, moja moja. Unachotafuta ni kiwango ambacho seramu bado inapunguza matundu kwa nusu. Ni kazi ya kuchosha macho na shingo, na ndicho kipimo ambacho vingine vyote hulinganishwa nacho.

Kipimo hicho ndicho kilichotupa namba 120, yaani seramu ambayo hata ikipunguzwa nguvu mara 120 bado inapunguza matundu kwa nusu. Mwaka 1985 wanafunzi katika bweni moja la Chuo Kikuu cha Boston walichangia damu, na muda mfupi baadaye surua ikaingia bwenini. Watafiti wakagundua kwamba wamekalia hazina: damu iliyotolewa kabla ya watu kukutana na ugonjwa. Wakaipima. Kati ya wachangiaji 9 waliokuwa na kingamwili kidogo, isiyozidi 120, 8 waliugua ugonjwa wenye dalili za surua. Kati ya 71 waliozidi 120, hakuugua hata mmoja kwa dalili hizo. Mpaka leo, unaposikia kwamba mtu "ana kinga ya surua", nyuma ya kauli hiyo kuna bweni lile. Napenda utafiti wa aina hii kuliko ule unaogharimu mamilioni. Ulitegemea mtu mmoja tu kukumbuka kwamba kuna chupa za damu kwenye friji. Na ili 120 ya Boston iwe ni 120 ya Nairobi, kuna seramu ya rejea ya kimataifa iliyoandaliwa Uingereza, iliyokaushwa ndani ya vichupa, kila kichupa kikihesabiwa kuwa na yuniti 3 za kimataifa. Maabara husawazisha hesabu zake kwa hiyo.

Hadi hapa nimemsifia Edmonston. Sasa niseme palipotupoteza.

Virusi vilivyoishi chupani miaka mingi hujifunza tabia za chupani. Mwaka 1993 watafiti walitangaza kwamba wamepata mlango ambao surua huutumia kuingia kwenye seli: protini iitwayo CD46, iliyopo karibu kwenye kila seli ya mwili yenye kiini. Ilikuwa kweli, kwa Edmonston. Lakini virusi vilivyotoka moja kwa moja kooni mwa wagonjwa vilikuwa vinakataa kuota kwenye seli za tumbili zilizojaa CD46, na mafundi wa maabara walilijua hilo kitambo. Mwaka 1990 Wajapani walikuwa wameshaonyesha kwamba virusi vya wagonjwa vinaota vizuri kwenye seli nyeupe za kima mdogo wa Amerika ya Kusini zinazoitwa B95a. Dalili ilikuwa mezani. Ikabidi isubiriwe hadi mwaka 2000, ambapo kundi la Yusuke Yanagi huko Japani lilionyesha mlango halisi: SLAM, uliopo kwenye seli za kinga. Mwaka uliofuata zikatengenezwa seli za tumbili zilizopandikizwa SLAM ya binadamu, na sasa hizo ndizo maabara nyingi huzitumia kuotesha surua ya wagonjwa. Mwaka 2011 ukapatikana mlango wa tatu, nektini-4, ulioko kwenye utando wa njia ya hewa. Virusi huutumia kutokea mapafuni na kumrukia mtu wa pili.

Kwa maoni yangu, tulikiamini mno kile kilichokuwa rahisi kuotesha. Virusi vya chupani vilifaa kabisa kupima kingamwili, lakini watu wakavitumia pia kueleza ugonjwa, na ugonjwa hauko chupani.

SLAM ilipojulikana, mambo ya zamani yakaanza kueleweka. Mwaka 1908 Clemens von Pirquet, daktari wa Vienna, aliandika kwamba watoto ambao kipimo chao cha ngozi cha kifua kikuu kilikuwa chanya waligeuka hasi walipougua surua. Kifua kikuu hakikuwa kimepona. Surua ilikuwa imezima kinga iliyotakiwa kukijibu. Kumbe virusi vinaingia moja kwa moja kwenye seli zinazohifadhi kumbukumbu za magonjwa yaliyopita. Mwaka 2019 watafiti walipima damu za watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya kuugua, wakakuta surua imefuta kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya vimelea vingine. Mtoto anapona vipele, halafu nimonia ambayo mwili wake ulikuwa ukiijua inamkuta kama mgeni. Ukiwasikia wazee wakisema mtoto akitoka surua achungwe sana miezi inayofuata, usicheke.

Na kuna kisa cha Kampala. Mwaka 1971 Avrum Bluming na John Ziegler, waliokuwa wakitibu saratani ya Burkitt katika kituo cha Mulago, waliandika juu ya mvulana wa miaka 8 mwenye uvimbe kwenye tundu la jicho. Kabla ya kuanzishiwa dawa, akaugua surua. Vipele vilipotoka, uvimbe ukaanza kunywea wenyewe. Saratani ya Burkitt ni ya seli B za kinga, seli zenye SLAM. Leo tunaweza kusema virusi vilikwenda vinakokwendaga siku zote, vikazikuta seli za saratani ziko njiani. Wakati ule lilibaki jambo la ajabu kwenye kurasa chache za jarida. Mwaka 2014 Mayo Clinic ya Marekani ilitoa taarifa ya mgonjwa wa saratani ya uboho aliyepewa mshipani virusi vya ukoo wa Edmonston, vilivyopandikizwa jeni ya tezi ya shingo ili vifuatiliwe kwa iodini yenye mionzi. Dozi yake ingetosha kuchanja watu milioni 10. Saratani yake ilirudi nyuma kabisa. Mgonjwa wa pili hakupata nafuu ya kiwango hicho, na tiba hiyo bado iko kwenye majaribio, kwa hiyo asitokee mtu wa kuuza surua kwenye chupa kule Kariakoo. Lakini nikisoma habari za Mayo huwa natamani mahali fulani kwenye ukurasa wa kwanza pangeandikwa Mulago.

Pleti nayo ina upofu wake. Haiwezi kutofautisha mtoto aliyeugua surua na mtoto aliyechanjwa wiki mbili zilizopita. Wote wana IgM, na kwa pleti wote ni chanya. Wakati wa kampeni ya chanjo jambo hili huleta kizaazaa, kwa sababu watoto wachache hupata homa na vipele siku chache baada ya sindano, mama anaogopa, damu inaletwa, tunasoma chanya, na kijijini inasambaa habari kwamba chanjo imeleta surua. Hapo ndipo usufi wa koo, yaani kijiti chenye pamba kilichopanguswa kooni, unapookoa. Kwa PCR, kipimo kinachozidisha jenetiki hadi ionekane, unapata jenetiki ya virusi vyenyewe, na kwa kusoma kipande kimoja cha herufi 450 mwishoni mwa jeni ya N unajua ukoo wake. Ikiwa ni aina A, ni chanjo, hakuna mlipuko, mtoto atapona na hamwambukizi mtu. Ikiwa ni B3, tuma watu wa chanjo leo leo. Shida ni kwamba usufi huo haufiki mara nyingi. Damu inaletwa, koo limeachwa.

Nasi pia tunapimwa. Maabara za surua zimeunganishwa kwenye mtandao wa Shirika la Afya Duniani wenye maabara zaidi ya 700. Kwa Afrika, maabara za rejea za kanda ziko Abidjan, Johannesburg na Entebbe, pale kwenye Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Kila mwaka linakuja boksi la sampuli za mtihani kutoka Melbourne, Australia, vichupa vyenye namba tu. Unavipima kama vya wagonjwa, unatuma majibu, unasubiri. Chini ya asilimia 90 umefeli. Siku ya kusoma pleti ile hakuna mzaha chumbani, na bosi anajifanya amekuja kutafuta kalamu.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwamba mtandao huo, uliokuwa ukiendeshwa kwa fedha za Marekani, uko katika hatari ya kufungwa baada ya fedha hizo kukatwa. Kwa mtu wa nje hiyo ni habari ya bajeti. Kwa aliyeko ndani maana yake ni vishimo. Surua ya kwenye pleti haitengenezwi hapa. Inaagizwa, ina tarehe ya mwisho wa matumizi, na inataka baridi kutoka kiwandani mpaka mezani. Nimewahi kuona vitendanishi vikikwama kwenye ghala la wakala fulani hadi vikabakiza muda mfupi wa kuishi, huku friji yetu imejaa seramu zinazongoja. Surua haikuwa imepungua mitaani wakati huo. Ilikuwa haipimwi tu, na kwenye ramani ya taifa mkoa ambao haukupimwa unafanana kabisa na mkoa ambao hauna surua.

Katika hali hiyo tunabana. Mlipuko ukishathibitishwa kwa sampuli chache za mwanzo, hatupimi kila mtoto wa kijiji kile; wengine wanahesabiwa kwa kuhusianishwa na waliothibitishwa. Pleti ikifunguliwa tunahakikisha imejaa, maana kontroli chanya na kontroli hasi, sampuli ambazo jibu lake linajulikana tayari, zinakula vishimo vyao hata kama umepima mtoto mmoja. Na tunazisoma fomu kwa makini kuliko zamani, kwa sababu jibu hasi bila tarehe ya vipele halina maana: karibu robo ya wagonjwa wa kweli, wakitolewa damu ndani ya siku 3 za mwanzo za vipele, IgM yao bado haijaonekana.

Fomu nyingi zinafika na sehemu hiyo ikiwa tupu. Juzi ililetwa moja ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu, hasi, tarehe ya vipele hakuna. Nikampigia simu muuguzi. "Dada, vipele vilianza lini?" Akamuuliza mama aliyekuwa bado pale kwenye benchi. Vilianza jana yake kabla ya kutolewa damu. Tukakubaliana: damu ya pili baada ya wiki, na safari hii usufi wa koo uchukuliwe hapo hapo kabla mama hajaondoka.